Arubaini ya Mbweha

Jumapili, 13 Aprili
Kiatu changu kimoja kimekwenda! Nimekikuta nyuma ya tangi la maji, kisigino kimetafunwa. Pembeni shimo jipya, linanuka vibaya. Mbweha — hapa Ghubra, katikati ya nyumba za watu! Jirani yetu Khawla kaja kulalamika: kuku wake wawili hawaonekani. Tuwafukuze mbweha hao, kasema, kabla hawajazoea.

Na Mama kanikumbusha tena: Ijumaa nimrudishe kwake Sidab, hapa kwangu hapakaliki. Akae peke yake, na goti lile linalomsumbua? Roho yangu haitaki kabisa.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefunga pipa la taka kwa kamba. Nimemwaga siki na pilipili ya unga pale shimoni. Nimepiga chafya mpaka machozi. Mbweha sijui.

Jumanne, 15 Aprili
Nimeweka redio karibu na shimo, wanasema mbweha hapendi kelele. Narudi kutoka kazini — Mama kavuta kiti pale pale, anasikiliza taarab na kahawa mkononi! Chini bakuli la wali na samaki. La paka, kasema, neema ya Mungu haitupwi jaani. Paka gani? Kumbe mimi nafukuza, yeye anakaribisha! Nilikasirika, halafu nikacheka.

Alkhamisi, 17 Aprili
Wana watoto! Watatu, masikio makubwa kuliko vichwa. Mama kawaona mwanzo, kaniita kwa kunong'ona, kanishika mkono. Tangu ahamie hapa sijamwona na furaha ile. Nikamwambia kesho fundi anakuja, atawatoa kisha azibe shimo. Kanikodolea macho.

"Huyu mzazi, Shatha. Mzazi hafukuzwi. Mwache atimize arubaini yake ya uzazi."

Arubaini ya mbweha! Lahaula.

Ijumaa, 18 Aprili
Baada ya sala kaja Japheth, fundi wa Kikenya kutoka Wadi Kabir, na wavu na mfuko wa simiti. Nimemwuliza Mama, vipi safari ya Sidab? Kanitazama kama nimepungukiwa akili.

"Nende vipi, nimwache mzazi? Nitakwenda akishatoka arubaini."

Moyo umeniruka kwa furaha! Nimekimbilia jikoni, ndipo ninapoandika haya. Japheth anaita kutoka nje: "Madam, nichanganye simiti ama niache?" Mama huyo anapita na trei, anaimba — chai ya Japheth, na bakuli la wali. Japheth keshakula, nimempakulia mwenyewe.

Simu inalia. Khawla. Siipokei.