Siku Niliyogoma Kutafsiri Makote

Zuhura, mke wangu wa Dodoma,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anakusalimu ingawa bado anakuonea wivu. Korosho tumemaliza kuokota.

Umeniuliza bosi anaambiwaje kwamba anakosea. Mimi nilikuwa katibu wa mbunge wetu, miaka ile soko la korosho lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi na serikali ikaacha kugawa salfa, dawa ya mikorosho. Nilitoka Mtwara nikamweleza kwamba ghala la salfa ni tupu. Akanijibu, "Itafika tu. Uchaguzi umekaribia."

Kesho yake, kijijini kwetu Makote, alihutubia kwa Kiswahili nami nikawa natafsiri kwa Chimakonde. Alipoahidi kwamba salfa itafika kabla mikorosho haijatoa maua, nilinyamaza.

"Tafsiri, kijana."

"Mheshimiwa, mama yangu amekaa pale mbele."

Waliojua Kiswahili walicheka. Yeye hakucheka. Alimtazama mama, akakunja karatasi yake. "Waambie salfa hakuna, na sijui itakuja lini."

Nikawaambia. Mzee mmoja akapaza sauti, "Basi na kura zetu hatujui zitakuja lini!"

Njiani kurudi Masasi nilijua kazi yangu imekwisha. Gari lilipomaliza kuteremka mlima ndipo aliposema, "Kesho tuko Lukuledi. Huko mama yako hayupo. Ukisikia nadanganya, kohoa."

Nilifanya naye kazi miaka saba mingine, na hadi leo namkumbuka. Nilikohoa mara mbili tu.

Mumeo mzee,
Babu, Newala