Kwa Kemilembe, Aliyepiga Goti Mbele ya Bendera ya Watu

Mjukuu wangu Kemilembe,

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba goti linajieleza lenyewe. Mimi nimelifanya kosa hilo kabla ya wengine, tena nje ya kanisa, waumini wakinisikiliza. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome. Nililokosea hadharani siwezi kulisahihisha chumbani.

Shangazi yako Anjelina alikuja hapa Ijumbi kutoka Buhembe, akanionyesha video kwenye simu yake. Wasichana wa timu yenu ya kikapu wamesimama mstari mmoja, mikono kifuani, na wewe na mwenzako mmoja mmepiga goti. Spika ya simu ile ilikufa zamani, kwa hiyo wimbo uliokuwa ukipigwa sikuusikia. Niliona goti tu, na goti nalijua. Nikaamini kuna mkubwa ameingia uwanjani nawe unamsalimia kama tulivyokulea. Jumapili nikawaambia watu, "Mjukuu wangu yuko Marekani na bado anawapigia magoti wakubwa." Wakanipongeza. Mama mmoja akamvuta binti yake sikio: "Unasikia? Yeye huko kwa Wazungu, na wewe hapa unasalimia umesimama kama nguzo ya umeme!"

Baba yako ndiye aliyenipigia simu kutoka Kahororo. "Baba, pale hakuna mkubwa aliyeingia. Ule ulikuwa wimbo wa taifa lao."

Nilikaa chini.

Unajua nilivyo na mambo ya bendera. Ulipokuwa darasa la pili tulipita ofisi ya kata jioni, bendera ikishushwa, nikakusimamisha pale barabarani. Ukauliza kwa sauti, watu wote wakasikia, "Babu, bendera inatuona?" Nikakujibu, "Haituoni. Sisi tuliosimama ndio tunaonana." Nilidhani nimekufundisha nidhamu. Sasa naona ulilishika zaidi lile neno la kuonana, ukaondoka nalo.

Na lipo jingine, ambalo sijawahi kulizungumza nawe. Ulikuwa na miaka minane, nyumba imejaa wageni wa kanisa. Wakati ule tulikuwa na Zakaria, mtu wa ng'ambo ya mpaka, aliyetupalilia kibanja chetu cha migomba kwa misimu mingi. Kila mtu alimwita "kibarua", hata mbele yake. Alikuwa akila nyuma ya jiko, ameketi juu ya majani makavu ya migomba. Ulizunguka sebuleni ukimpigia magoti kila mgeni, "Wasibota, waitu," kisha ukatoka nje. Kupitia mlango wa nyuma tukakuona umepiga magoti mbele ya Zakaria, kwa salamu ile ile.

Shangazi yako akaangua kicheko. "Wewe! Kibarua hapigiwi magoti!"

"Kwani yeye si mkubwa?" ukamjibu, bila kuinuka.

Zakaria aliweka sahani chini. Akafuta mkono kwenye suruali, akaitikia salamu yako yote, polepole, kisha akakuuliza jina lako. Nawe ukamuuliza lake. Wageni wetu, waliokuwa wakimwona kila mwaka, ndiyo kwanza walisikia jina hilo.

Nami, mwalimu mkuu mstaafu, nilisema nini? Nilisema, "Kemilembe, ingia ndani, chakula kinapoa." Basi. Nilijua uko sahihi, nikazungumzia chakula.

Juzi baba yako na shangazi yako walikuja pamoja. Wanataka nikuandikie usimame na kuomba radhi, kwa kuwa kocha wenu amesema atakayepiga goti mechi ijayo atatolewa kwenye timu, na ukitolewa ufadhili wa masomo nao umekwisha. "Anakusikia wewe tu," baba yako aliniambia. "Hatukumpeleka kule kugombana na bendera za watu." Shangazi yako akadakia, "Wakimrudisha hapa atacheza kikapu na nani? Na kuku?" Tukacheka sisi wawili, lakini baba yako hakucheka. Anaogopa, Kemilembe. Usidhani ni ukali.

Nikawaeleza uliyonieleza kwenye simu. Kwamba rafiki yako mnayelala chumba kimoja, yule anayepiga goti kando yako, kaka yake aliuawa na polisi akiwa hana kitu mkononi, na hakuna aliyewajibishwa. Kwamba wewe mwenyewe, kwa rangi yako tu, ukiingia dukani mlinzi anakufuata kutoka rafu hadi rafu. Kwamba wimbo ukianza, rafiki yako akashuka na wewe ukabaki wima, utakuwa umemwacha peke yake.

Shangazi yako akasema, "Kwa hiyo ni kama siku ile ya Zakaria." Hakuna aliyemkumbusha. Kumbe naye amekuwa nalo miaka yote hii.

Sitakuandikia usimame. Nimezeeka nikiwafundisha watoto kusimama wima kwenye paredi ya asubuhi, na bendera yetu ikishuka kesho nitasimama kama kawaida. Lakini anayeudharau wimbo ni mtu mmoja, na anayeuambia wimbo kwamba umemsahau jirani yangu ni mtu mwingine kabisa. Wewe ni huyo wa pili. Nimemwambia baba yako hivyo. Hakukubali, wala hakukataa. Aliomba tu aisome barua hii hadi hapa, akasahihisha nukta mbili tatu, akanirudishia.

Wakikutoa, chumba chako kipo, vyuo vipo, tutaanza upya. Shangazi yako anasema kuku wako tayari kwa mechi.

Lakini nakuomba jambo moja, kwa sababu ya kosa langu la nje ya kanisa. Uliniambia kuhusu kocha wako, "Hajaniuliza kwa nini, Babu. Ameniuliza nitaacha lini." Nawe ukakasirika, ukanyamaza, na hasira hiyo ni haki yako. Ila mtu huyo anatazama kama nilivyotazama mimi: picha isiyo na sauti. Mimi nilipokosa maneno yako nilijaza ya kwangu, yakatokea kuwa ya kukusifu. Yeye naye amejaza ya kwake. Huenda atasikia yote na bado akutoe. Basi akutoe akijua anamtoa nani, na kwa lipi. Mimi siku ile ya Zakaria nilijua, nikanyamaza. Wewe usinifuate katika hilo.

Siku utakayoipata barua hii, kabla ya mazoezi, gonga mlango wake umweleze kwa nini unapiga goti, na uanze kwa kumtajia jina la kaka wa rafiki yako.

Babu yako wa Ijumbi