Soda Niliyoikataa Ukweni Beni

Baba yangu kipenzi,

Jumamosi nilikwenda Beni kumposea mjukuu wako Kasereka, na chupa moja ya soda nusura ituharibie kila kitu. Nimweleze nani, kama si wewe?

Unakumbuka Jumapili baada ya misa, tulivyokuwa tukizunguka kwa miguu mtaani Bulengera kuwasalimu watu? Kila mlango uliofunguka, mtoto alitumwa dukani kuleta soda. Wewe ulikunywa yako mpaka tone la mwisho, hata baada ya muuguzi kukuonya kuhusu ugonjwa wa sukari. Sukari ya nyumbani uliiacha, kwenye chai na kwenye uji, ukinung'unika. Ya kwa watu hukuweza kuiacha. "Ukikatala, batawaza unaogopa sumu," uliniambia njiani. "Afazali sukari kuliko ile maneno." Ukanywa kwa adabu mpaka kidonda cha mguu kikagoma kupona, tukakuzika. Nakupenda, baba, na bado nina hasira nawe.

Sasa ugonjwa huo umenipata mimi. Mandazi na chai tamu nimeviacha, ingawa asubuhi huwa sisemezeki. Soda nayo nimekatazwa kabisa. Sikufikiria mambo ya ukweni.

Kule Beni, mama wa binti alileta chupa, akaifungua mbele yangu kama tunavyofanya ili mgeni awe na amani. Nikasema asante, sitakunywa. Mama wa binti akaninyanyulia ile chupa ya soda.

"Mama Kasereka, sucré ilikuwa na kifuniko," akasema. "Umeona mwenyewe vile nafungula."

"Niko na ugonjwa ya sukari, mama."

"Kila mutu anasemaka vile," shangazi wa binti akadakia, akaweka chupa yake chini. "Donc basi, sisi tuko batu ya sumu?"

Kasereka alikuwa akitoka jasho. Hakuniomba ninywe, lakini macho yake yaliniomba. Mkono wangu ukaanza kwenda kwenye chupa, na nilikuona wewe kabisa, na kile kicheko chako cha kuwaridhisha watu. Niliogopa, baba. Nikaurudisha mkono.

"Munipe maji," nikasema. "Hapana ya chupa. Ile munakunywaka ninyi, ya mu bidon."

Soda yenye kifuniko cha kiwandani hata anayekushuku ataipokea, ila maji yaliyomiminwa jikoni kutoka kwenye dumu, usikoona, huyanywi kama huwaamini wenye nyumba. Mama wa binti akaenda mwenyewe, akarudi na kikombe cha plastiki. Hakuyaonja kwanza, wala sikumwambia ayaonje. Nikanywa yote.

Akaketi karibu yangu. "Bwana yangu pia iko na ile ugonjwa," akasema polepole. "Lakini anakunywaka tu, juu ya kuona haya."

Sote tukamgeukia mzee wake, aliyekuwa pembeni, soda mkononi. Alijifanya hajasikia. Halafu akaisukuma ile chupa katikati ya meza.

"Na miye," akasema, "muniletee maji."

Posa imepokelewa, baba. Lakini njia nzima ya kurudi Butembo nililia, na Kasereka alidhani ni furaha. Nilikuwa nawaza zile nyumba zote za Bulengera, kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeomba maji mbele yako.

Pumzika. Siku ya harusi nitakuwekea kikombe cha maji.

Binti yako,
mama wa Kasereka