Ndizi Hazimngoji Mgeni Rasmi

Jumapili, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, na mawingu yamekaa kule upande wa Burundi kama wageni wasiotaka kuingia ndani. Vumbi limefika mpaka kwenye chumvi. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipumzike.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya baba.

Kwa desturi yetu, matanga hayamalizwi kwa maneno. Pombe inakamuliwa kutoka kwenye ndizi za migomba ya marehemu mwenyewe, mdogo wake anavuta mrija wa kwanza, kisha mjane ananyolewa na kuvua kitambaa cheusi. Mpaka hapo mama hagusi mbegu wala haendi harusini. Huu ni mwaka wa pili anasubiri, maana baba mdogo anaishi ng'ambo, na tangu vita vianze huko kaskazini, njia ya mpakani Kabanga leo iko wazi, kesho ni maswali matupu. Safari hii alipata nafasi, akatuma mtu atuambie Jumapili atakuwepo.

Nikapanga. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Mimi ndiye mwalimu ambaye wenzangu shuleni huniita Bibi Ratiba. Na Jumatano alasiri, kwenye darasa la watu wazima, nilisimama mbele ya akina mama nikawafundisha somo la kupanga muda: ukijua utakachofanya asubuhi, mawazo yanapungua, kichwa kinapoa, unalala. Mama Skola, jirani yetu, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huo muda tunaoupanga ni wa nani?" Darasa likacheka. Nikacheka pia, nikaendelea kuandika ubaoni.

Ratiba yangu mwenyewe ilikuwa safi. Migomba yetu imebaki mahameni, kule Keza, tulikoishi kabla ya kuhamishiwa kijiji hiki cha ujamaa. Jumapili iliyopita mimi na mama tulikwenda, tukakata mikungu, tukaivundika shimoni, tukafunika kwa majani na udongo. Alhamisi tufukue na kukamua, tuchanganye na mtama wa kukaanga, ikifika leo iwe imekolea. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akanipa.

Alhamisi, kabla jua halijachomoza, rimu ya lori, ndiyo kengele ya kijiji, ikagongwa. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba hakuna kutoka: mgeni rasmi anakuja kutoka wilayani kukagua mahindi ya shamba la ujamaa, yatakayopelekwa kwa wanajeshi. Walimu walete watoto waimbe. Nikamwendea, nikamweleza habari ya ndizi. Hakunikemea. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, vijana wetu wako vitani, wewe unazungumza pombe?"

Nikaenda kuwapanga watoto mistari.

Sina ugomvi na wanajeshi kula. Kaka yake Mama Skola yuko hukohuko. Ningevuna mahindi hayo mpaka mikono itoke malengelenge. Lakini hatukuvuna! Tuliambiwa tusiguse hata hindi moja mpaka mgeni ayaone yamesimama. Tukakaa kando ya shamba, vikapu miguuni, watoto wakirudia wimbo wa kumkaribisha, jua likapanda, likashuka. Mgeni hakuja. Ijumaa tukaitwa mkutanoni tuelezwe kwa nini hakuja, na maelezo yenyewe ni kwamba sababu bado haijajulikana.

Ningeweza kutoroka kwa njia ya kisimani. Mama aliniambia kwa macho. Niliogopa kuitwa mkorofi, nikaogopea na kazi yangu, nikabaki napiga makofi na watoto.

Jana ndipo tulipofukua. Harufu ilitupokea kabla hatujaondoa majani. Ndizi zilikuwa uji mweusi, funza wanacheza humo. Mama alipiga magoti akachambua mojamoja, akakamua zile zilizokuwa na nafuu, akapata maji machachu yasiyojaza hata kibuyu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Basi leo baba mdogo amefika, vumbi mpaka magotini. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Ndugu nao wakakaa. Hakuna cha kuvuta. Watu wakazungumzia mvua ambayo hainyeshi. Na alasiri nani anaingia? Mwenyekiti, kofia mkononi, maana vita ni vita lakini matanga yana pombe. Akachagua kiti karibu na mlango, akasubiri. Muda ukaenda. Mwisho akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, bado?"

"Ngoja, baba," mama akamjibu kwa adabu zote. "Hata sisi tulingoja."

Sijawahi kumpenda mama kama nilivyompenda pale. Mwenyekiti alicheka peke yake, akatazama kofia yake. Alipoinuka kuaga, akatukumbusha kwamba mgeni rasmi sasa anakuja kesho, safari hii kwa hakika, na rimu itagongwa mapema.

Ndugu wameondoka na midomo mikavu. Kitambaa cheusi bado kiko kichwani kwa mama. Yuko uani anamenya maharage, na baba mdogo amejinyoosha kwenye mkeka karibu naye. Amesema atakaa mpaka Jumapili ijayo, zaidi ya hapo hana namna, na akirudi ng'ambo hajui lini atapita tena. Kule mahameni imebaki mikungu michache. Ili pombe iwahi, lazima ivundikwe kesho.

Kesho hiyohiyo.

Ratiba yangu bado iko ukutani. Sikuichana, karatasi ni adimu. Nimenoa panga tu, nikamwambia mama tutatoka kabla ya rimu, kwa njia ya kisimani. Ameniuliza kama siogopi kufukuzwa kazi. Nimemwambia naogopa sana. Akaendelea na maharage yake, kisha akauliza: na mgeni akifika kweli, wimbo ataongoza nani?

Watoto wanaujua. Waliuimba siku nzima bila mgeni, watauimba na bila mwalimu.