Jina Langu Linaolewa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Wagaki amenipongeza leo mbele ya wateja, kichana kikiwa hewani. Ati jana kanisani kwao, hapa Kawangware, limetangazwa jina Filister Aluoch Nyandega, kuolewa na Gachanja wa duka la hardware pale stendi ya 56, harusi tarehe 22. Ati nafanya kazi katika saluni yake mwaka wa tatu na bado namficha! Nikamwambia kwa Gachanja nilienda mara moja tu, kununua misumari. Akacheka, akasema mabibi harusi wote huwa hivyo. Wagaki husikia nusu ya jambo na nusu ya pili hujaza mwenyewe. Akina Filister ni wengi.

Jumanne, 4 Juni
Lakini Filister Aluoch Nyandega? Yote matatu?

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi nimeuziwa mandazi yaliyofungwa kwa fomu ya shule ya mtoto wa watu. Jina lake, la baba yake, mpaka sanduku la posta. Mafuta yamepita katikati. Watu wa Nairobi hawana akili! Kitambulisho wanamwachia askari wa geti wasiyemjua, kopi wanaacha kwa mashine, halafu wakiibiwa wanalia. Mimi karatasi zangu ziko kwenye bahasha, bahasha iko kwenye sanduku, sanduku lina kufuli.

Jioni nimefika chumbani kwangu, mtaa wa Lindi, nimefungua sanduku. Bahasha ipo. Nimefungua bahasha.

Kalenda ya mwaka jana. Kurasa zimekunjwa vizuri, unene uleule. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Cheti cha ubatizo hakuna. Kikaratasi cha kungojea kitambulisho kipya hakuna.

Ni Daisy. Hakuna mwingine. Tulikodi chumba hiki pamoja mpaka Machi. Februari alinishikia foleni kwa chifu, siku ya kubadilisha vitambulisho. Nilifika saa tano, nikapakwa wino vidole, wakachukua kitambulisho changu cha zamani wakanipa kikaratasi. Nilikuwa nimechelewa kazini. Daisy akasema lete, nitarudisha nyumbani. Nikampa bahasha na ufunguo. Kweli alirudisha. Ilikuwa nene, nikaridhika. Mimi! Ninayecheka mtoto wa mandazi!

Jumapili, 9 Juni
Nimeenda kanisani kwao. Nimekaa nyuma. Pasta ametangaza mara ya pili, na jina langu limetoka kinywani mwake tamu kabisa. Mbele, kando ya Gachanja, kofia ya maua. Chini ya kofia, Daisy.

Sasa naelewa. Daisy alifunga ndoa kanisani kule Kisumu na Jeremy. Jeremy yu hai, anakula, anatafuta mke wake. Hakuna pasta atakayemfungisha tena akiwa Daisy. Kwa hiyo ameazima mwanamke ambaye karatasi zake ni safi.

Nilimngoja penye choo cha wanawake. Hata hakushtuka.
“Sasa, Fili.”
“Daisy, rudisha vitu zangu.”
“Punguza sauti. Kwani wewe ulikuwa unazitumia? Zilikuwa zimelala tu kwa sanduku.”
“Unaolewa na jina yangu!”
“Nikimaliza nitakurudishia.”

Nikimaliza! Kama ni sufuria! Akanigusa bega, akarudi kwa mchumba wake. Gachanja anaamini Daisy ni jina la utani tu. Mwanamume anayepima misumari kwa gramu, na mke hajampima.

Jumanne, 11 Juni
Kwa chifu: ili nipewe kikaratasi kingine nilete cheti cha kuzaliwa. Kimeibwa, nikasema. Basi niende polisi.
Polisi: afisa alikuwa anakunywa chai. Akauliza nimeibiwa nini. Nikasema jina. Akaita wenzake waje wasikie. Walipochoka kucheka akafungua kitabu, akasema toa kitambulisho niandike ripoti yako.
Nimerudi kazini. Nimemchoma mteja sikio.

Alhamisi, 13 Juni
Ndugu wa mchumba wangu Nicanor amenikuta kwa mfereji, akanisalimia “Mama Hardware”. Nicanor mwenyewe yuko Mombasa kwa kazi ya mjengo mpaka mwisho wa mwezi. Agosti ndio wazee wake wanakwenda kwetu. Wataendaje kumposa mke wa mtu? Cheti kikishatiwa saini, mimi ni wa Gachanja, hata nikikana mpaka nizeeke.
Nimelia. Naandika hapa tu, Daisy asijue kamwe.

Jumapili, 16 Juni
Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya pasta. Kalamu ni ya kanisa.

Tangazo la tatu. Pasta aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilisimama. Nikasema Filister Aluoch Nyandega ni mimi, na huyo amevaa jina langu. Mtoto mmoja akacheka.

Tukaitwa ofisini. Daisy akatoa karatasi zangu kutoka mfuko wa plastiki, moja moja, akazinyoosha mezani kwa kiganja. Pasta akaniuliza, na zako? Nikamtajia namba ya kitambulisho kwa kichwa, yote, bila kukwama. Daisy akainama kwa huzuni. “Pasta, tulikuwa tunaishi na yeye. Alikuwa anapenda kusoma karatasi zangu.”

Wagaki akaitwa. Miaka mitatu! “Mimi namwita Filister,” akasema, “lakini kitambulisho yake sijawahi kuona.” Ploti ya saluni ni ya baba yake Gachanja. Mwoga mkubwa. Atakaa na ploti yake.

Kikaratasi cha chifu hakina picha, kina saini tu. Pasta akatupatia karatasi nyeupe, kila mtu asaini. Daisy akasaini bila kuinua kalamu. Mpaka mkia wa ile ‘g’ yangu! Miezi minne amekuwa akifanya mazoezi, naona. Mimi nilikuwa na hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Nikaomba nirudie. Pasta akasema, kwa upole, mtu hahitaji kurudia jina lake.

Wametutoa nje. Kupitia dirisha naona pasta na Gachanja wameinamia saini mbili. Gachanja ameinua macho, amenitazama kwa huruma. Huruma! Mimi!

Daisy amekaa upande wa pili wa benchi, anajipepea na cheti changu cha ubatizo. Haniangalii.

Mlango umefunguka. Pasta anaita, “Filister.”

Daisy ameinuka kabla yangu.