Sahihi ya Mzee Muema

Kitengela, 3 Machi 2025

Kwa Wathome ndugu yangu,

Habari za Kajiado? Sisi huku ni wazima, presha ya mama yetu, mwaitu, imetulia, mvua ndiyo bado haijatukumbuka. Tangu Jumatano hushiki simu yangu, ndiyo maana nimechukua kalamu. Simu unaweza kuikata. Barua utaisoma, nakujua, hata kama ni kwa kujificha chooni.

Dispensari yetu imezungushiwa mabati. Nilifika kazini nikakuta mlinzi getini ananiuliza mimi ni nani. Mimi! Miaka tisa nadunga watoto sindano hapo. Tulienda kwa chifu na akina mama karibu thelathini, tukaonyeshwa karatasi: eti wananchi walikutana Novemba wakakubali ploti ipewe mwekezaji ajenge maduka. Majina hamsini, sahihi hamsini. Mkutano wenyewe hakuna aliyeusikia.

Jina la arobaini na saba ni Muema Kioko. Baba yetu. Yule tuliyemzika Agosti 2022, wewe ukitangulia na msalaba.

Na mwandiko ni wako, Wathome. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukijifunza kuandika, siwezi kuukosea. Tafadhali niambie ulilazimishwa.

Dada yako,
Mukonyo


Kajiado, 12 Machi 2025

Dada Mukonyo,

Salamu nyingi. Mimi niko salama, kazi tu ndiyo imezidi. Mwaitu umsalimie sana.

Usiniandikie tena kupitia ofisini. Hillary wa mapokezi aliifungua barua yako kabla sijaiona.

Halafu wewe siasa huijui. Mheshimiwa Ngigi akikwambia, "Wathome, nataka majina hamsini kabla ya lunch," huulizi ya nini. Mimi ni msaidizi wake hapa kaunti, na wanaokitaka kiti changu ni wengi kuliko ng'ombe wa Bisil siku ya soko. Majina yaliniishia nikiwa karibu kumaliza, nikajaza. Ni jina tu, dada. Mzee hawezi kuumia tena.

Mheshimiwa ameahidi dispensari nyingine. Lakini ameniuliza mara mbili, "Yule sista anayechochea akina mama ni wa kwenu?" Nilimwambia nitaongea na wewe. Sasa nimeongea. Nyamaza.

Mdogo wako,
Wathome


Oltepesi, 5 Juni 2025

Wathome,

Hujambo? Mimi sijambo. Nakusalimia kwa sababu mwaitu alitulea na adabu, si kwa sababu nyingine.

Tazama nimeandikia wapi. Wiki mbili baada ya barua yako nilipewa ya uhamisho, bila sababu. Watu wa hapa ni wema, kila asubuhi jirani yangu Nasike ananipokea kwa salamu ya "Takwenya" na kikombe cha maziwa. Lakini mwaitu amebaki peke yake, na dispensari ya karibu imekuwa mabati.

Unamkumbuka Caro, yule wa mboga? Ijumaa iliyopita alishikwa na uchungu. Alienda mpaka getini kwa miguu, mlinzi akamwambia hapa si hospitali tena. Alijifungulia kando ya barabara, mwenzake wa sokoni, Mumbi, amemzungushia leso. Mtoto alikuja na miguu kwanza. Nimeshazalisha watano wa namna hiyo, Wathome, na wote wanasoma. Huyu hakulia hata mara moja.

Sasa njoo useme tena ni jina tu. Njoo umwambie Caro.

Nimepeleka malalamiko kwa kamati ya uchunguzi ya kaunti, pamoja na cheti cha kifo cha baba. Na mwandiko ni wa nani, sikuficha.

Mukonyo


Kajiado, 27 Juni 2025

Dada yangu,

Natumai uko mzima. Mimi si mzima, nikisema hivyo nitakuwa nimekudanganya.

Jana kamati ilimwita Mheshimiwa. Nilikaa nyuma yake nimemshikia faili. Wakamuuliza, marehemu alitia sahihi vipi? Akavua miwani, akapangusa macho, akasema, "Nimesalitiwa na kijana niliyemlea kama mwanangu. Sikujua lolote." Kisha akanigeukia mbele ya kamera: "Wathome, waombe wananchi msamaha." Mimi! Miaka sita namwandikia hotuba, hata za matanga! Tulipotoka akanipiga bega, "Vumilia kidogo, nitakutafutia kitu."

Dada, nina hasira mpaka kalamu inanitoboa karatasi. Ujumbe wake wote uko kwa simu yangu. Nimeitwa Alhamisi, na nitammaliza. Nitasema kila jina aliliagiza yeye.

Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako,
Wathome


Kitengela, 15 Julai 2025

Wathome,

Mwaitu ameniambia nikusalimie. Nimekusalimia.

Barua yako niliipata, nikakataa kuijibu. Nilipokuandikia juu ya Caro, hukutuma hata pole. Ulipoguswa wewe, kesho yake tu ukapata kalamu.

Lakini ile Alhamisi nilikuja Kajiado. Nilikaa safu ya mwisho, hukuniona. Nilikusikia ukisoma ujumbe wa Ngigi mmoja baada ya mwingine, naye anapangusa shingo. Kisha yule mama wa kamati akauliza, "Na jina la baba yako, ni nani alikuagiza?" Nilijua utasema ni Ngigi. Chumba kizima kilikuwa kinangoja useme Ngigi. Ukasema, "Hakuna. Hilo nililiandika mwenyewe, kwa sababu nilijua hatakuja kulalamika."

Nilitoka nje, nikapanda matatu bila kukusubiri.

Mabati yametolewa na mimi nimerudishwa. Ngigi amesimamishwa kazi, lakini Jumapili alikuwa jukwaani Namanga, anaomba kiti kikubwa zaidi na watu wanampigia makofi. Wewe ndiye una kesi kortini. Hiyo ndiyo siasa uliyosema siijui.

Kuna neno lingine. Hapa mtaani watu hawajui tarehe ya kifo cha baba. Wanajua tu kwamba jina la Muema lilikuwa kwa ile karatasi. Juzi sokoni mwanamke mmoja alimwambia mwaitu, "Mzee wako alituuza." Mwaitu alirudi nyumbani bila kununua kitu, akakaa jikoni na viatu miguuni.

Nilimwambia nitakuandikia uje umwombe msamaha. Akakataa. Anataka uje Jumamosi, soko likiwa limejaa, utembee naye meza kwa meza, uwaambie watu kwa mdomo wako kwamba mume wake alikuwa amekufa, na hakuuza kitu.

Mimi sitakuwa hapo. Nikikuona sasa nitasema maneno yasiyorudi.

Fika mapema. Meza ni nyingi.

Dada yako,
Mukonyo