Sauti ya Chini kwa Baba

Ipogolo, Iringa
8 Mei 1977

Mwanangu Philbert,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ilomba, wewe na fundi wako Anania na maredio yenu. Mimi ni mzima wa kutembea, zaidi ya hapo usiniulize. Nimeiandika kwa mkono wangu, mwalimu wa ngumbaru na ajisifu.

Baba yako ametoka hospitali. Malaria imekwisha, lakini kwinini imeondoka na masikio yake. Ukimpigia kelele kwa karibu anashika neno mojamoja, "ugali", "mvua", mengine yanapotea. Na hajui bado kwamba dada yako Evarista amefariki. Daktari alitukataza tusimwambie akiwa kitandani, nasi tukatii. Mkamzika Eva huko Mbeya, mimi nikiwa huku nauguza, nimevua kaniki ya msiba ili mgonjwa asiione. Sasa amepona, na kila asubuhi ananiuliza kwa sauti ya kiziwi inayofika hadi barabarani: "Eva amejifungua?" Majirani wanainama. Jana ametenga kuku wa kumpelekea mzazi.

Kusoma hajui, ngumbaru aliikataa akisema ni ya wanawake. Jirani yetu Mzee Tadeo alijitolea aje amwambie kwa kelele, nikamfukuza. Habari ya kifo mtu huambiwa ameketi, kwa sauti ya chini, na mtu wake wa karibu. Nitampigiaje mume wangu kelele "Eva amekufa" mpaka matingo wa malori waitikie? Nimejaribu kwa mikono, mikono ikakataa.

Wewe ndiye fundi. Hakuna chombo cha kumfikishia mtu maneno ya chini?

Ni mimi mama yako,
Tekla


Ilomba, Mbeya
20 Mei 1977

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba umshikie mkono kwa niaba yangu. Mimi sijambo ila baridi ya huku haina huruma. Mtoto wa marehemu, Tusajigwe, anaendelea na maziwa ya kopo kwa bibi yake. Shemeji Andendekisye yeye amekonda, akija hapa anakaa tu kwenye benchi anaangalia redio zilizofunguliwa.

Nimempa dereva Eliezeri mfuko. Ndani mna hedifoni, ndizo spika mbili ndogo za kuvaa masikioni. Mtaalamu mmoja wa reli alituachia. Zina raba nene pembeni, maana walizivaa penye mitambo ili kelele za nje zisiingie. Chomeka waya wake kwenye redio ya baba, lile tundu la ubavuni.

Mimi na Anania tumebishana karibu tukosane. Mimi nasema hedifoni hizi ni nzito, zinataka amplifaya yake ya pembeni, yaani mashine ya kuikuza sauti kabla haijafika masikioni. Yeye anasema huo ni upotevu, redio ina amplifaya tumboni mwake, inatosha. Mwenye duka ni yeye, nimenyamaza. Jaribuni, unijulishe.

Mwanao,
Philbert


Ipogolo
5 Juni 1977

Mwanangu,

Kamwene, za kazi? Huku mahindi yamekomaa, miguu yangu inauma kama kawaida yake.

Hedifoni imefika. Nilichomeka kama ulivyosema, nikafungua sauti mpaka mwisho, baba yako akatulia, halafu akaanza kutikisa kichwa. Alisikia kwaya, kwa mbali kama watu walio ng'ambo ya mto, lakini alisikia. Nililia mwanangu, nikasingizia moshi.

Lakini mtangazaji wa redio hatamwambia habari za mtoto wake. Niliongea mbele ya redio. Nikaongea nyuma yake. Nikashika waya nikaongea nao kama mwehu. Hakupata kitu. Na hizo raba zimezidi kumfungia, hata "ugali" sasa haufiki. Yeye mwenyewe amezipenda. Anakwenda nazo shambani, waya ameutia mfukoni mwa shati, watoto wanamfuata nyuma wakicheka. Anasema humo ndani kumetulia. Akizivua tu, swali ni lilelile.

Mwambie Anania anayesema inatosha, aje aongee yeye.

Mama yako,
Tekla


Ilomba
17 Juni 1977

Mama yangu,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mnaendelea. Mimi mzima.

Anania amesomewa maneno yako, amejikuna kichwa na kukubali. Kwa redio peke yake angeweza kushinda ubishi. Kwa sauti ya mtu hawezi. Kunahitajika maikrofoni ya kusemea, na sauti inayotoka kwenye maikrofoni ni ndogo mno, haiwezi kuzisukuma hedifoni zile. Lazima amplifaya ya peke yake. Nimeanza kuitengeneza kwenye kisanduku cha mbao, itatumia betri za tochi. Ikikamilika mtu atanong'ona hapa na baba atasikia kule, hata wewe uliye katikati usisikie.

Imebaki transista moja. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe vipuri vimekuwa vya kubembeleza, ila Anania ameagiza Dar. Wiki ijayo nadhani.

Mwanao,
Philbert


Ipogolo
30 Julai 1977

Philbert,

Sisi wazima. Wiki yako ijayo imekuwa ndefu.

Eliezeri amepita hapa. Anasema chombo kiko kwenye rafu kimekwisha, na Anania amekijaribu mwenyewe kikasema vizuri. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Wewe ndiye uliyekuwa kando ya kitanda cha Eva, na ukileta chombo ni wewe utakayeshika maikrofoni. Unaogopa. Hata mimi naogopa. Jana usiku nilimwangalia amelala nikasema moyoni, heri asijue mpaka afe. Kulipokucha akaniuliza tena, nikaona huo ni ukatili. Anamngoja mtu ambaye hayupo, na mimi nampikia uji kana kwamba kuna atakayekuja.

Kilete.

Mama


Ipogolo
27 Agosti 1977

Mwanangu Philbert,

Kamwene. Najua hujajibu, hata hivyo nakusalimu.

Andendekisye alikuja Alhamisi ya wiki iliyopita. Mama yake amezidiwa na ugonjwa, hakuna wa kumlea mtoto, kwa hiyo amemleta kwetu. Hakuwa amenitumia habari. Tulikuwa kando ya barabara tunaanika mahindi, baba yako na hedifoni zake kichwani, basi likasimama. Andendekisye akashuka na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga kama mwanamke.

Baba yako alifurahi mno. Alinyanyua mikono yote miwili. Halafu akapita kando ya mkwe wake akaenda mlangoni mwa basi kumpokea Eva mizigo. Akashuka mzee mmoja, akashuka mama na kuku. Kondakta akafunga mlango. Basi likaondoka, na baba yako bado amesimama mkono ameunyoosha.

Aligeuka akaitazama ile kanga. Ni ile aliyomnunulia Eva siku ya kuagwa. Akamtazama Andendekisye, akanitazama mimi. Niliketi chini palepale kwenye mahindi, naye akaja akaketi karibu yangu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ndogo kabisa, sijui aliipata wapi, maana tangu augue hajui tena kupunguza: "Tangu lini?"

Nikamwonyesha kwa vidole miezi. Aliihesabu mara mbili.

Tumeomboleza, mwanangu. Sasa majirani wanakuja kwa uwazi. Kaniki nimeivaa. Nilidhani chombo chako hakina kazi tena. Lakini juzi ameuliza nani alikuwa na Eva mwishoni, nikaleta picha yako nikaweka kidole juu yake. Akasema, "Basi aje aniambie mtoto wangu alisema nini." Tangu hapo, kila basi la Mbeya likipita anavaa hedifoni na kukaa kwenye kigoda, waya unaning'inia, haujachomekwa popote.

Njoo wewe. Usimpe Eliezeri.

Mama yako,
Tekla


Ilomba
31 Agosti 1977

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni na msiba, neno nililopaswa kuwaambia ana kwa ana zamani. Kweli niliogopa. Kila nilipokishika kile kisanduku nilijiona nimekaa mbele ya baba, nikakirudisha kwenye rafu.

Nakuja Jumamosi, amplifaya nitaipakata mwenyewe. Nakuandikia kwanza wewe, ili nitakapokuwa nasema kwa baba nawe ujue ninachosema, kwa sababu hutanisikia.

Eva hakuacha wosia mama. Hakujua kama anakwenda, wala mimi sikujua. Alikuwa amechoka, amemlaza mtoto kifuani, anamkagua kidogo kidogo kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Akaniambia, "Mwandikie baba, mwambie huyu kachukua masikio yake. Makubwa hivi, atasikia mpaka yasiyomhusu." Tukacheka wote wawili. Akaniomba chai. Nikatoka kumtafutia, nikiwa bado nacheka.

Niliporudi nayo wauguzi walinizuia mlangoni.

Mwanao,
Philbert